Nilikagua Mdomo, Sikusikiliza Neno

Sehemu ya nne

Wiki hii simu yangu haikupoa. Msomaji mmoja ameniita nyoka. Mwingine, mama mtu mzima kwa namna alivyoandika, ameuliza kama mimi nililelewa au niliokotwa. Nililelewa, mama, tena vizuri, na ndiyo maana jambo hili linanila. Ningekuwa sikulelewa ningekuwa nalala usingizi.

Kwa aliyetukuta njiani, nieleze kidogo. Ofisi yetu inachukua video za mafunzo zilizotengenezwa kwingine na kuzitia Kiswahili. Muuzaji wa mashine za dobi alituletea video ya tangi jipya la mvuke, lile linalolisha pasi. Ndani yake yumo mhandisi wa kiwanda anayeonyesha namna ya kuliwasha, kulizima na kulisafisha. Bosi akaniambia nichague programu ya kumfanya mhandisi yule aeleweke.

Zilikuwepo mbili. Ya kwanza inasoma maandishi. Unaandika, yenyewe inasoma neno kwa neno, kwa sauti moja isiyo na furaha wala huzuni. Tuliipa jina Karani. Ya pili inadabu video nzima: inaichukua sauti ya mhandisi mwenyewe, inamzungumzisha Kiswahili, na mdomo wake unafuata kama vile Kiswahili kakinyonya kwa mama yake. Hiyo tuliiita Bwana Harusi, kwa sababu kila aliyeiona alisimama kuitazama.

Nikamchagua Bwana Harusi. Kasoro yake niliijua. Kiswahili chetu ni kirefu kuliko lugha ya mhandisi, na mhandisi akifunga mdomo kabla sentensi haijaisha, programu inaipunguza sentensi ili itoshe. Kila inapopunguza inaweka alama ya njano pembeni. Alama zilikuwa nyingi, zikanichosha, nikazizima. Kisha nikaikagua video yote nikiwa nimefunga sauti. Ndivyo tunavyofanya kazini kwetu, maana ukisikiliza, sikio linalidanganya jicho na huoni mdomo uliochelewa. Midomo ilikaa vizuri sana. Zamu ya kusikiliza nikairuka, nikaipitisha kazi.

Mimi niliandika: "Zima mashine, subiri mpaka mshale wa geji urudi kwenye sifuri, ndipo ufungue kifuniko."

Mhandisi akasema, kwa tabasamu lake: "Zima mashine, kisha fungua kifuniko."

Na aliyefungua kifuniko, mvuke ukiwa bado umejaa ndani, ni wifi yangu, msimamizi wa chumba cha pasi kwenye dobi moja lililonunua tangi lile. Mara ya mwisho niliwaacha nikiwa nje ya wodi, mkono kwenye kitasa, sijui kama niingie au nikimbie.

Niliingia.

Wifi alikuwa amekaa kitandani. Mkono wa kulia umefungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, umelazwa juu ya mito miwili. Shavu la upande huohuo limebabuka. Aliponiona akacheka kwa shavu lililobaki.

"Karibu, wifi. Samahani, leo siwezi kukupa mkono."

Sikujua nicheke au nilie. Nikavuta kiti.

"Pole, wifi."

"Nimeshapoa. Mgonjwa ni wewe, ukijiona ulivyo. Umekula?"

"Daktari amesemaje?"

"Mkono utapona. Vidole viwili ndivyo hajui kama vitakunja tena." Aliviangalia kama watoto watoro. "Nimemwambia avibembeleze. Mpiga pasi bila vidole ni nani?"

Mnamjua wifi huyu tangu sehemu ya kwanza. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Ukoo wao uliponikataa, yeye ndiye aliyesimama katikati ya kikao akasema, "Kama huyu hafai kwa sababu ya mdomo wake, basi nifukuzeni na mimi, maana mdomo wetu ni mmoja." Tangu siku ile hakuna aliyenisema vibaya mbele yake. Mimi nilipata ndoa kwa ulimi wa mwanamke yule.

"Wifi," akasema, "nataka nikuombe msamaha."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Nimekuaibisha. Nilipoletewa ile video niliwatangazia wote udobini kuwa ni kazi ya wifi yangu. Niliringa, we acha tu. Halafu mimi huyohuyo nakwenda kufungua kifuniko kama nafunua sufuria ya chai. Sasa watu watasema video yako haifundishi."

Hapa ndipo mnaponitarajia niseme. Na mimi nilitarajia. Neno lilifika kwenye meno, nikalisikia uzito wake.

Katika hadithi za watu wengine, wakati kama huu nesi huingia na sinia la dawa, au simu hulia. Mimi nesi hakuingia. Simu haikulia. Nilinyamaza mwenyewe, kwa hiari yangu, huku yeye ananiangalia kwa huruma.

"Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua," akaendelea. "Nayarudia maneno ya mchumba wangu kichwani." Mchumba wake ni yule mhandisi, alimwita hivyo kwa sababu, alisema, hajawahi kuona mwanamume anayeeleza jambo taratibu namna ile. "Nayarudia, nayarudia, pale pa kusubiri sipaoni. Labda nilisinzia."

"Labda," nikasema.

Neno moja tu. Nimesema uongo mrefu zaidi ya huo maishani, lakini hakuna ulionichoma hivyo.

Wifi akaitikia kwa kichwa, akalipokea. "Mwenye dobi ameniita kesho kutwa. Anasema tuiangalie video wote pamoja. Kama haikusema tusubiri, kosa si langu, narudi kusimamia chumba changu cha pasi, hata kwa mkono mmoja. Kama ilisema, basi mimi ni mzembe, na mzembe hakai na mvuke. Nimeona ni haki."

"Ni haki," nikaitikia.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amekasirika. Hakunikasirikia mimi. Alimkasirikia dada yake.

"Tangu utoto yuko hivyo," alisema. "Kila kitu mbio. Mara ngapi nimemwambia haraka haraka haina baraka?"

"Usimseme vibaya mgonjwa."

"Namsema kwa uchungu. Wewe umehangaika na kazi ile mpaka macho yakawa mekundu. Yeye hata kusubiri kidogo hawezi."

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa bosi. Ofisini tunamwita Sawasawa, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo. Ukimwambia mtambo umekufa, sawasawa. Ukimwambia mteja amekubali, sawasawa. Nilimweleza yote: sentensi, alama za njano, sauti niliyoifunga, wifi. Siku hiyo hakusema sawasawa.

Alisimama, akaufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Na mashine hizo ziko kwenye madobi mangapi?"

"Muuzaji anasema ni mengi. Wote wanafungua kiungo kimoja, wanaangalia video kwenye simu."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?" Alisema kwa upole, na upole ule ulinitia hofu. "Kuna mtu sasa hivi anazima mashine. Iondoe video ile. Weka nyingine hapohapo, kwenye kiungo kilekile. Tumia Karani. Karani hakati neno."

Alikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipobanwa, wasomaji wangu. Kama angeniambia nifanye jambo baya ningekataa, au walau ningejivunia kusitasita. Aliniambia nifanye jambo jema, tena la haraka, la kuwaokoa watu.

"Na ile ya zamani?"

"Ya zamani ya nini? Futa."

"Bosi, wifi yangu anahukumiwa kesho kwa ile video. Wakifungua watakuta hii."

"Watakuta video nzuri."

"Watakuta maneno ambayo yeye hakuambiwa."

Akakaa kwenye ukingo wa meza. "Wifi yako ameshaungua. Mimi namzuia wa pili. Muuzaji akijua, ofisi hii inafungwa, na wote uliowaona pale nje wanarudi kwao." Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Na tusisahau ni nani aliyezima zile alama."

Nikarudi kwenye meza yangu.

Mnataka kujua ilinichukua juhudi gani? Karibu hakuna. Niliiandika sentensi ile upya, nikampa Karani. Akaisoma yote kama anasoma majina ya waliofaulu mtihani. Ilikuwa ndefu kuliko picha, kwa hiyo nikaigandisha picha pale kwenye geji, mshale ukabaki unaonekana mpaka Karani akamaliza. Basi. Kugandisha picha tu. Mdomo wa mhandisi haukufuata maneno tena, ulikuwa unatafuna mambo yake huku Karani akisema yake, na haikumdhuru mtu. Ningeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Nilitaka kazi yangu ipendeze, na ilipendeza, na ngozi ya mkono wa mtu ilitoka pamoja na kifuniko.

Nikaipandisha mpya. Kisha nikaitafuta ya zamani, kila mahali ilipokuwa, nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Hata yenyewe iliniuliza.

Nikabonyeza ndiyo. Ushahidi uliobaki duniani sasa ulikuwa mdomo wangu.

Siku ya kikao wifi alipewa ruhusa ya saa chache hospitalini, na mume wangu akatupeleka wote wawili. Mwenye dobi hakutaka umati, kwa hiyo mume wangu alibaki uani, kati ya mashuka yaliyoanikwa. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu wifi aliomba. "Huyu ndiye mwenye video," aliwaambia, na bado kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake.

Tulikaa chumba cha pasi. Tangi la mvuke lilikuwa kimya pembeni, limefunikwa shuka kama maiti. Wapiga pasi walikaa kwenye mabenchi, aproni zao mapajani. Mwenye dobi, mama mnene wa maneno machache, aliunganisha simu yake na televisheni ya ukutani, akagusa kiungo.

Sauti ya Karani ikajaa chumba.

Mmoja wa wapiga pasi akainua kichwa. "Mbona sauti si ile?"

Mwenye dobi akanitazama.

"Tumeiboresha," nikasema. "Ni kawaida. Ile ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo kidogo."

Mkwaruzo. Sijui neno lile lilitoka wapi. Uongo ukishapata kiti, unaalika na ndugu zake.

Video ikaendelea. Wifi aliinama mbele, mkono wa bandeji kifuani, kama mwanafunzi aliyekaa nyuma asiyesikia vizuri. Picha ikafika kwenye geji, ikaganda.

"Zima mashine, subiri mpaka mshale wa geji urudi kwenye sifuri, ndipo ufungue kifuniko."

Mwenye dobi akaisimamisha.

"Rudisheni," wifi akasema.

Wakarudisha. Karani akasema vilevile, hakuongeza wala hakupunguza.

"Rudisheni tena, tafadhali."

Mara ya tatu alifumba macho ili asikie vizuri. Alipoyafumbua, mwenye dobi alikuwa ameshazima.

"Mwanangu," akasema mama yule, na nadhani alisikitika kweli, "imesema."

"Imesema, mama. Masikio yangu yamesikia." Wifi akaondoa macho kwenye televisheni. "Lakini sauti imebadilishwa, na mimi namkumbuka yule bwana. Sibishi. Naomba jambo moja. Muulizeni wifi yangu kama maneno ni yaleyale. Akisema ndiyo, mimi nakubali, sitamsumbua mtu tena. Yeye hawezi kunidanganya."

Macho yote yakanigeukia.

"Ni yaleyale?" mwenye dobi akauliza.

Nilimfikiria mume wangu pale uani. Niliifikiria ofisi, wale wote waliokaa kwenye meza zao hawajui lolote. Nilijiambia ni kwa ajili yao. Nataka muijue aibu yangu ilivyo, wasomaji: sikuwa nawafikiria wao. Nilikuwa nafikiria siku mume wangu atakapojua kwamba dada yake aliungua kwa sababu mkewe alichoka na vialama vya njano.

"Ni yaleyale, mama," nikasema. "Sauti tu ndiyo tumebadilisha."

Wifi aliniangalia. Si kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwenye dobi.

"Basi ni mimi," akasema.

Hukumu haikuwa ndefu. Mama yule alimshukuru kwa kazi yake yote, akasema matibabu yatakamilishwa kwa ubinadamu tu, lakini chumba cha pasi atakabidhiwa mwingine. Akanyoosha kiganja kuomba funguo.

Funguo zilikuwa zimefungwa kwa kamba kwenye kiuno cha wifi. Ndivyo alivyozibeba siku zote, zikilia kila anapopita, mpaka wasichana walimtania kuwa ana kengele. Akajaribu kuifungua kamba kwa mkono wa kushoto. Fundo likakataa. Akajaribu tena.

"Wifi," akasema, "nisaidie."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikaifungua kamba. Vidole vyangu kumi vyote vinakunja. Nikazichukua funguo zikiwa na joto la mwili wake, nikampa mwenye dobi.

Wapiga pasi wawili walikuwa wanalia. Mmoja akanishika bega kama mfiwa, akaniambia Mungu atanilipa kwa kuwa karibu na wifi yangu wakati huu. Nikasema amina.

"Nishikie mkoba," wifi akasema. "Twende."

Tulipita kwenye ujia mwembamba unaotenganisha chumba cha pasi na ua. Kuta zina unyevu, sakafu ina povu la sabuni. Nilitembea nyuma yake na mkoba wake begani. Katikati ya ujia akasimama, akageuka.

"Nilipokuuliza hospitali kama nilisinzia, ulisema labda."

"Wifi..."

"Ngoja. Hospitali nilikuamini. Nilikaa siku nzima nikijitukana." Hakupaza sauti. "Leo nimekuangalia ukijibu. Kilichoungua ni mkono, wifi. Masikio yangu ni mazima. Na macho pia."

Nikauhamishia mkoba bega la pili.

"Yule bwana hakusema nisubiri," akasema. "Si kweli?"

Nilitikisa kichwa. Sijui alielewa ni ndiyo au hapana, lakini alielewa.

"Kwa nini hukusema mle ndani?" nikamuuliza. Fikirini, mimi ndiye nilikuwa namuuliza hivyo. "Ungesema tu kuwa nadanganya."

"Nikuvue nguo mbele ya watu?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ni mke wa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuombea ile ndoa. Nikikufedhehesha wewe, nani atanielewa mimi?"

"Nisamehe, wifi. Nilikuwa naogopa."

"Najua. Na mimi niliogopa, mvuke ulipotoka." Akaanza kutembea tena. "Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kumsukumia mzigo."

Tukatokea uani. Jua lilikuwa kali, mashuka meupe yakiyumba kwenye kamba. Mume wangu alikuwa ameegemea gari, akainuka alipotuona. Alimtazama dada yake kiunoni, pale ambapo hapakuwa na funguo, na nikaona uso wake ukijiandaa kwa maneno ya kumgombeza.

"Wamesemaje?" akauliza.

Wifi hakusimama. Alimpita, akaufungua mlango wa nyuma wa gari kwa mkono wa kushoto.

"Muulize mkeo," akasema, akaingia, akafunga.

Mume wangu akanigeukia. Mkoba wa dada yake ulikuwa bado begani kwangu.

"Mke wangu," akasema, "nikuulize nini?"